Nyumba Ifaayo kwa Bundi wa Shambani

Watu wapendao bustani hutundika mtini kisanduku cha mbao ili ndege waje wakae humo. Kazi hiyo ni njema, walakini mara nyingi kisanduku hukaa kitupu mwaka baada ya mwaka, au huingiwa na nyigu, na mwenyewe husema kwamba ndege wa kwetu hawapendi nyumba za watu. Sivyo. Sababu ni kwamba nyumba ilijengwa kwanza, na mwenye kukaa akatafutwa baadaye. Ajengaye nyumba ya ndege yampasa ajiulize kwanza maneno mawili: Ni ndege gani nimtakaye? Naye, kwa desturi yake, hutaga mahali gani?

Maana ndege si wote wakaao katika matundu. Mnana na kwera hufuma viota vyao wenyewe kwa majani. Chozi hutundika kiota chake kwenye ncha ya tawi. Hao, hata ukiwajengea nyumba ya mvule, hawataingia. Waingiao ni wale watagao katika mashimo ya miti, mianya ya kuta na dari za nyumba, kama vile hudihudi, shomoro, kwenzi wengine, na bundi.

Katika hao tumemchagua bundi mweupe kuwa somo letu la leo. Tumemchagua kwa sababu mbili: faida yake kwa mkulima ni kubwa, naye ndiye achukiwaye kuliko ndege wote.

BUNDI TUMSEMAYE

Bundi wako wa namna nyingi. Huyu tumsemaye ana uso mweupe wenye umbo la moyo, macho meusi, mgongo wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijivu, na tumbo jeupe au la manjano hafifu lenye madoa madogo. Hana manyoya yaliyosimama kichwani kama pembe. Mlio wake si wa kuguna, bali ni wa kukwaruza, kama kitambaa kipasuliwacho kwa nguvu.

Chakula chake kikubwa ni panya. Mabawa yake yana nyuzi laini pembeni, ndiyo maana huruka bila kusikika. Masikio yake ni makali ajabu. Mtaalamu wa Marekani, Roger Payne, katika jarida la taaluma lililotolewa mwaka 1971, alieleza majaribio yake ya kumweka bundi wa namna hii katika chumba chenye giza tupu. Bundi alimkamata panya kwa kusikia tu mchakacho wake katika majani makavu.

Bundi mmoja mkubwa hula kwa usiku mmoja panya wa shamba mmoja au wawili, na wakiwa wadogo hupita hapo. Tuhesabu kwa wastani wa wawili. Mume na mke watakula wanne kwa usiku, na kwa siku 30 watakula 120. Hapo hatujawahesabu makinda, nao wakiwa watano au sita hula kwa pupa kila usiku mpaka waweze kuruka.

Panya wa shamba, yule mwenye chuchu nyingi, ni adui wa kweli. Mimba yake ni ya siku 23 hivi, naye huweza kuzaa watoto 10 na zaidi kwa mara moja. Miaka mingine, mvua zikiwa njema kwake, huongezeka hata kufukua mbegu ya mahindi mara tu ipandwapo, mkulima akalazimika kupanda tena. Wala hasara si ya chakula tu. Viroboto wa panya huleta tauni. Katika Wilaya ya Lushoto, Tanzania, tauni ilizuka mwaka 1980, ikawa ikirudi miaka mingi baadaye, na watu walikufa. Kwa hiyo amwuaye bundi humpunguzia panya adui yake mmoja.

HABARI YA HOFU

Twajua kwamba wengi wakisoma maneno haya watasema: Bundi ni ndege wa mauti, akilia juu ya paa, mtu hufa. Imani hiyo ni ya wazee wetu, wala hatutaki kuwacheka. Lakini na tuipime kwa akili.

Nyumba ikiwa na mgonjwa mahututi, jamaa hukesha. Akeshaye ndiye asikiaye. Siku nyingine zote bundi alipita juu ya paa lile lile, akalia mlio ule ule, wala hapana aliyemsikia kwa sababu watu walikuwa wamelala. Usiku wa msiba alisikika, kisha mgonjwa akafariki, basi watu wakaunganisha mambo mawili yasiyohusiana. Na nyumba ngapi zililiwa na bundi, asife mtu? Hizo hazihesabiwi, maana hazina habari ya kusimuliwa. Tena, penye nafaka iliyomwagika na mabaki ya jikoni, panya huwa wengi, na bundi hufuata panya. Hafuati roho ya mgonjwa.

Baadhi ya Wakristo husema kwamba hata Maandiko yamemkataa bundi. Ni kweli kwamba Kitabu cha Mambo ya Walawi kimemtaja miongoni mwa ndege wasioliwa. Lakini kumkataza mtu asile nyama ya ndege si kumwamuru amwue.

Hapa tunawaomba wakubwa wa vijiji watusikilize kwa makini. Mtu mmoja, hasa bibi kizee au mgeni asiye na jamaa, akitundika nyumba ya bundi peke yake bila watu kujua maana yake, huenda akaitwa mchawi. Neno hilo limeleta mauti ya watu wasio na hatia katika nchi zetu. Kwa hiyo nyumba ya kwanza isiwe ya mtu mmoja. Iwe ya shule, au ya ghala la chama cha ushirika. Iwekwe mchana, baada ya shauri kuzungumzwa barazani, mbele ya watu wote, na mkubwa wa mahali awepo. Jambo lifanywalo hadharani halina uchawi. Na baraza likikataa, wangoje. Waanze kwa kuwafundisha watoto.

KUCHAGUA NYUMBA

Bundi mweupe hajengi kiota. Hutaga katika tundu la mti mkubwa, katika dari, au katika kile kiota kikubwa cha vijiti na udongo kilichoachwa na fundichuma. Mibuyu na mikuyu ya kale ikikatwa kwa mkaa na kuni, matundu hupungua, na ndege huyu hukosa mahali. Nyumba ya mbao ni badala ya tundu la mti. Kwa hiyo ifanane na tundu la mti.

Kwanza tuseme yasiyofaa. Debe au pipa la bati halifai, kwa kuwa jua huligeuza tanuri na makinda huangamia. Mzinga wa gogo utumiwao kwa nyuki kwa kawaida ni mwembamba mno. Chungu cha udongo huvunjika, tena ni kizito juu ya mti. Sanduku lililokuwa na dawa ya kuua wadudu lisitumiwe kabisa, hata likioshwa. Na kile kisanduku kidogo chenye tundu la duara, kilichotengenezwa kwa ajili ya ndege wadogo, bundi hawezi hata kutia kichwa.

Sasa tuseme yafaayo. Chukua mbao kavu zenye unene wa sentimita 2 hivi. Vipimo ni hivi:

Sakafu iwe na urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Nafasi hiyo haizidi mahitaji, maana makinda wakikua ni wakubwa kama wazazi wao, nao hukaa pamoja.

Mlango uwe wa mraba, sentimita 13 kila upande. Ukiwa mdogo kuliko 10, mama hupita kwa shida. Ukiwa mkubwa mno, mvua na maadui huingia.

Kina ndicho kipimo kikubwa kupita vyote, nacho ndicho mafundi wakisahaucho. Kutoka sakafu mpaka ukingo wa chini wa mlango kuwe na sentimita 45 au zaidi, yaani kadiri ya dhiraa moja. Kwa hiyo nyumba nzima itakuwa na kimo cha sentimita 70 hivi. Sababu ni hii: mama hutaga yai moja kila baada ya siku mbili au tatu, na huanza kuatamia tangu yai la kwanza. Mayai huanguliwa kwa kufuatana, kila moja baada ya siku 30 hivi, basi makinda huwa wa vimo mbalimbali. Huanza kutembea na kusukumana kabla ya kujua kuruka. Mlango ukiwa karibu na sakafu, huanguka nje. Na kinda aliyeanguka chini kwa kawaida wazazi hawamlishi tena. Atakufa kwa njaa au ataliwa. Nyumba ya namna hiyo ni mtego, na afadhali isingejengwa.

Chini ya mlango, kwa nje, pigilia kibaraza cha ubao chenye ukingo mdogo, ili makinda wakubwa wasimame na kupiga mabawa kabla ya safari ya kwanza. Ubao wa ndani, chini ya mlango, usirandwe. Uwe na mikwaruzo ili makucha yapate kushika.

Paa literemke mbele au nyuma, litokeze kupita kuta. Ukitaka kulifunika kwa bati, bati liwe juu ya ubao, wala lisiwe peke yake. Toboa matundu madogo manne au matano sakafuni, maji yasikae, na mengine chini ya paa kwa ajili ya hewa. Ubavuni weka kilango chenye bawaba na komeo kwa kusafishia. Nje waweza kupaka rangi nyeupe ili kupunguza joto la jua. Ndani usipake kitu. Sakafuni tandaza mabaki ya randa kiasi cha vidole viwili. Majani na pamba usitie, bundi hana haja navyo.

KUCHAGUA MAHALI

Nyumba nzuri mahali pabaya ni kazi bure. Iwekwe mita 4 au 5 juu ya ardhi, kwenye mti uliosimama peke yake, au nguzo imara, au ukuta wa juu wa ghala. Mlango uelekee shamba lililo wazi, bila matawi mbele yake. Usielekee upande mvua ipigapo, wala jua la alasiri. Kila mahali pana upepo wake, basi mjenzi atazame kwanza ni ukuta gani wa nyumba yake unaolowa sana wakati wa masika, akaugeuzie mlango mgongo.

Kuzunguka shina au nguzo, funga bati laini lenye upana wa sentimita 60 au zaidi, ili nyoka, kanu na paka wasipande. Usiiweke karibu na barabara kuu ya magari, maana bundi huruka chini chini akiwinda, na wengi hugongwa usiku.

Nyuki hupenda sana sanduku tupu. Wakiingia, usipigane nao juu ya ngazi. Mwite mrina asali awahamishe, au waachie hiyo nyumba, ujenge nyingine mbali kidogo.

UTUNZAJI

Ikiisha kuwekwa, jambo kubwa ni subira. Huenda mwaka ukapita, au zaidi, kabla bundi hajaja. Usipande kuchungulia kila juma. Dalili za kuwamo zitaonekana chini: mavi meupe, na vibonge vyeusi vya nywele na mifupa. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika vile asivyoweza kuyeyusha tumboni. Ukisikia ndani sauti ya kufoka kama ya nyoka, usitie mkono. Ni makinda wanaodai chakula au wanaotisha mgeni. Watatoka baada ya miezi miwili hivi.

Safisha nyumba mara moja kwa mwaka, ikiwa imekwisha kuwa tupu. Mwenye kusafisha ajifunge kitambaa puani na mdomoni kwa ajili ya vumbi, kisha anawe kwa sabuni.

Tena, asiyekubali kuacha sumu ya panya asijenge nyumba ya bundi. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutambaa akiwa amelegea, naye huwa rahisi kukamatwa. Bundi akimla, sumu humpata yeye na makinda wake. Kumkaribisha mgeni na kumwandalia sumu ni mambo mawili yasiyopatana.

SOMO LA WALIMU

Mwalimu akitaka kuwaondolea watoto hofu, maneno matupu hayatoshi. Aokote vibonge chini ya nyumba ya bundi, avianike juani siku kadhaa mpaka vikauke kabisa. Kisha aviloweke katika maji, na watoto wavichambue kwa vijiti juu ya karatasi, si kwa vidole. Wahesabu mafuvu na mataya, waandike ubaoni: panya wangapi, ndege wangapi, wadudu wangapi. Wakimaliza, karatasi zichomwe na mikono ioshwe kwa sabuni. Mtoto aliyehesabu mafuvu ya panya kwa macho yake atakwenda nyumbani na ushahidi wa kuwaonyesha wazee, wala hatahitaji kubishana nao.

Watu watauliza pia juu ya kuku. Bundi huyu huwinda usiku, na windo lake ni panya na wanyama wadogo. Vifaranga wakifungiwa bandani jioni, kama ipasavyo kwa ajili ya kicheche na kanu, hapatakuwa na ugomvi.

TUSITAZAMIE KUPITA KIASI

Jambo hili limejaribiwa katika nchi nyingine. Nchini Israeli, katika kijiji cha wakulima kiitwacho Sde Eliyahu, nyumba za bundi zilianza kuwekwa mwaka 1983, na tangu mwaka 2002 wakulima wa Jordan na Wapalestina wameshirikiana katika kazi hiyo, ingawa kati ya nchi zao kuna uhasama wa miaka mingi. Huko Malaysia, nyumba kama hizo zimewekwa katika mashamba ya michikichi kwa ajili ya panya.

Lakini yafaa tuseme kweli yote. Katika mashamba ya mahindi ya Morogoro, wataalamu walifanya jaribio ambalo habari zake zilitolewa mwaka 2006. Mahali walipowazuia wala-panya kwa nyavu, panya waliongezeka upesi, wakafikia idadi kubwa zaidi. Mahali walipoweka nyumba za ndege na miti ya kutulia, panya hawakupungua kuliko mashamba ya kawaida.

Tunajifunza nini? Kwanza, wanyama na ndege wala panya waliopo sasa wanafanya kazi ambayo hatuioni mpaka waondoke. Basi kutowaua ni faida iliyo tayari, isiyogharimu senti moja. Pili, nyumba ya bundi ni msaada, wala si dawa itoshayo peke yake. Mwenye kuiweka, kisha akaacha magugu kuzunguka shamba, mahindi yaliyovunwa chini, na ghala lisilo na vizuizi vya bati miguuni, atalaumu ndege bure. Kazi ya mkono wa mtu kwanza, kisha msaada wa bundi.

Basi, enyi walimu na wakubwa wa vijiji, twawashauri mwanze na nyumba moja tu, shuleni au ghalani, yenye kina cha dhiraa moja na mlango unaotazama shamba. Waiteni watu waione ikipandishwa. Na kabla ya hiyo, hata kama hamna ubao wala msumari, waambieni vijana waache kumpiga mawe bundi aliye tayari kijijini. Hilo laweza kuanza usiku huu.